Gari ambalo Halikufika Kapata

Mwaka jana, ukikutana na Musafiri popote pale Kolwezi, ulikuwa umekwisha. Ungemsalimia, angeitikia, na kabla hujauliza habari za mke wake Bilkisi angekuwa ameshatoa simu akuonyeshe gari lake, Celica. Tena picha yenyewe haikuwa ya gari lake! Ilikuwa ya gari la mtu wa mbali huko, jekundu, linang'aa. La kwake lilikuwa limepauka, mlango mmoja umebonyea, bampa imepasuka, na usukani uko kulia, sisi ambao huku usukani tunautaka kushoto. Lilitoka Japani, likashushwa Dar es Salaam, likavuka mpaka wa Kasumbalesa na vumbi lake lote.

"Njo itakuwa hivi," alikuwa anasema, yaani ndivyo la kwake litakavyokuwa, akigonga ile picha kwa kidole.

Tusimcheke sana. Miaka minane alikuwa anaendesha basi la wafanyakazi wa mgodi, asubuhi na jioni, pua yake iko nyuma ya malori ya madini. Gari la mbio, la milango miwili, alilitaka tangu utotoni, na mshahara wake haukuwa wa gari la mbio. Alijinyima, akalipata lililokuwa linapatikana.

Sasa, kwa watu wa ukoo wao, waliotoka Kasongo na biashara ya kusafirisha mizigo, gari haliletwi nyumbani hivihivi. Baba yake Musafiri, Mzee Djafari, dereva mstaafu aliyekuwa anakaa mtaa wa Kapata katika zile nyumba za safu za kampuni, ndiye aliyekuwa analifungulia njia. Anakaa mbele kando ya dereva, anafunga mlango, anaweka kiganja chake cha kulia juu ya dashibodi, anasoma Fatiha. Kisha wanazunguka Kapata polepole, honi inalia, mpaka kwa rafiki yake Tata Muamba, wanakunywa chai. Hiyo ndiyo safari ya kwanza. Lori la Karim, kaka yake Musafiri, lilipokuja halikuwa na mlango wala kiti. Mzee alikalia kreti ya bia iliyopinduliwa, yeye ambaye bia hajawahi kuionja, akasoma Fatiha yake vizuri kabisa.

Musafiri aliyajua yote hayo. Lakini siku gari lilipofika hakupita Kapata. Alilipeleka moja kwa moja Manika, kwenye gereji ya fundi Stany, akalifunika turubai. Aliona haya. Akilini alimwona Tata Muamba akilizunguka lile gari lililopauka, akikohoa kidogo na kusema, eh, ni zuri. Hapana, baba yake angekalia gari lililokamilika.

Ijumaa ya kwanza, baada ya swala, mzee alipiga simu.

"Motoka yetu iko namna gani?"

"Haiyaisha, Baba. Ngoja kwanza."

"Iko na miguu?"

"Iko nayo."

"Inatembea?"

"Inatembea."

"Basi imekwisha, mwanangu!" Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Alisema *yetu*. Musafiri alilisikia neno hilo, likampendeza, na bado hakwenda.

Kazi ikaanza, na kazi ya gari la ndoto kwa mfuko wa dereva wa basi ni kusubiri. Kuhamisha usukani kuja kushoto peke yake kulikula miezi mitatu. Akataka gari liwe chini, lilale barabarani. Springi za kazi hiyo hakuziweza, Stany akazikata zile za zamani kwa msumeno. Akataka bawa la nyuma. Wakalitengeneza kwa bati. Bilkisi alipoliona aliuliza kama ni la kufugia kuku. Na kila Ijumaa simu ya Kapata inalia, na kila Ijumaa jibu ni lilelile, ngoja kwanza. Mzee hakugomba hata mara moja. Siku moja tu alisema, "Mi sitaki rangi, Musafiri. Nataka kuikala ndani." Musafiri akasema rangi ni ya mwisho, Baba, ni rangi tu iliyobaki.

Kweli, rangi ndiyo iliyokuwa imebaki. Alipopata fedha ya rangi nyekundu ya kutosha, alimpa Stany masharti kama ya harusi. Vumbi lisiingie. Mtu asikaribie. Yeye Musafiri hataki kuona hata alama. Ijumaa ijayo, Inshallah, atatokea Kapata bila kusema, apige honi mlangoni.

Jumatano mzee alianguka akitawadha. Moyo, walisema. Karim alipompigia simu, Musafiri alikuwa ndani ya basi na watu arobaini. Aliwafikisha kazini kwanza, hakuelewa amewafikishaje. Walimzika baba yao siku hiyohiyo kabla ya Alasiri. Mwili uliondoka nyumbani kwa lori la Karim, lile la kreti, na Musafiri alikaa nyuma pamoja na jeneza, ameshika ubao kwa mikono miwili, analia hadharani. Tata Muamba, aliyekuwa kando yake, alimwuliza taratibu, "Na ile motoka yenu? Alikuwa ananiambia kila siku, chai iwe tayari."

Hakwenda gereji mpaka arobaini ilipopita. Celica lilikuwa pale, jekundu, linang'aa kuliko lile la kwenye picha. Stany alilifunua turubai kwa fahari, kisha akaona uso wa mteja wake, akaanza kulikunja. Musafiri alitoa simu amlipe kilichobaki. Kwenye kioo cha simu palikuwa na sura ya baba yake, kofia nyeupe kichwani.

"Uyu mzee namujua," Stany akasema.

"Ni baba yangu."

Stany akavuta kigoda, akakaa yeye mwenyewe.

"Alikuja hapa, patron. Jumatatu, ile siku ya rangi. Alikuja na pikipiki kutoka Kapata. Hakusema yeye ni nani. Aliomba tu kukaa ndani, kidogo. Mi nikakupigia simu. Unakumbuka? Nikakuambia iko mzee mmoja, anaomba kukaa ndani ya motoka."

Musafiri alikumbuka. Alikuwa kwenye foleni ya malori, jua limemchoma. Alijibu: mtu asiingie, hata awe nani. Hakuuliza mzee gani. Neno moja tu lingetosha, na hakuliuliza.

"Akasema nini?"

"Akasema, sawa, motoka iko na mwenyewe, nitangoja aniite. Kisha akaweka mukono yake pale juu, akaanza kusoma kitu. Rangi ilikuwa mbichi! Mi nilimugombeza, patron. Nisamehe. Nilimugombeza sana. Akamaliza kusoma, njo akatoa mukono. Nikamupanguza na petroli, ilikuwa nyekundu yote. Akasema usimuambie mwenyewe, atasikia mubaya."

Musafiri alisogea karibu na gari. "Wapi? Alishika wapi?"

Stany akamwonyesha, juu ya paa, upande wa abiria. Musafiri aliinama, akaangalia kutoka kushoto, akaangalia kutoka kulia, macho yake yakiwa karibu kabisa na rangi.

"Sioni kitu."

"Nilisugua, nikapaka tena," Stany akasema kwa sauti ndogo. "Ulisema hutaki kuona hata alama."

Musafiri akaweka kiganja chake pale. Paa lilikuwa laini, safi, kama alivyoagiza.