Jiwe Lililoitwa Chozi

Dada yangu Aikande alikata vito miaka saba kwenye karakana ya Mzee Elieza, Daraja Mbili, na miaka yote saba wateja waliambiwa kazi ile ni ya Mzee Elieza. Aikande aliinama tu zaidi juu ya sahani ya chuma inayozunguka, akaendelea kusaga.

Mwaka 1995, karakana za watu binafsi zikifunguliwa kila mtaa, mzee alipata kitabu cha Kiingereza chenye maumbo ya almasi za pete za uchumba. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, akanipa nitafsiri. Niliandika duara, mraba, yai. Umbo lenye ncha upande mmoja Waingereza wanaliita peasi, lile tunda. Nikaona tunda halina uzuri wowote. Nikaandika chozi.

Hans, mchumba wa Aikande, alikuwa amenunua tanzanaiti moja ndefu, nyembamba, buluu iliyokolea. Aikande aliigeuza kwenye mwanga siku tatu. Ukiikata duara, alinieleza, zaidi ya nusu inakuwa vumbi na rangi inapauka. Hii yenyewe inataka ncha. Kwa mara ya kwanza angekata jiwe ambalo lingebaki kwenye kidole chake.

Mama yake Hans akaja kutoka Usa River kuliona jiwe kabla halijakatwa. Aliuliza umbo alilolichagua Aikande linaitwaje. Mzee Elieza akafungua kitabu, akasoma mwandiko wangu.

"Chozi?" alisema yule mama. "Mwanangu amvishe mke chozi? Mnamtabiria nini?"

Aikande alijaribu kueleza kuwa ni jina tu. Mzee akamkatiza kwa mzaha kwamba bibi harusi anayejikatia pete, kesho atajifungisha na ndoa mwenyewe. Kisha akalichukua jiwe alikate duara kwa mkono wake. Hans aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nalijua neno la kuwanyamazisha wote, na sikulitamka.

Siku ya uchumba, sebuleni kwetu Engutoto, mbele ya mchungaji, kiboksi kilifunguliwa. Jiwe lilikuwa duara, dogo kama punje ya mtama, rangi ya maji yaliyosuuziwa nguo. Aikande alikifunga kiboksi.

"Mama, nakuheshimu," alimwambia mama yake Hans. "Lakini pete hii si yangu. Kakata Mzee Elieza, mvisheni yeye."

Kisha akaenda jikoni akawapakulia machalari ya ndizi na nyama, wasije wakasema tumewanyima chakula.

Jumatatu niliwahi karakana. Nilikata lile neno chozi kitabuni kwa kalamu, nikaandika peasi, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika. Nilipoinua kichwa, Aikande alikuwa nyuma yangu, aproni mkononi.

"Siku ile hukuwa na mdomo?" aliuliza.

Nilikuwa nao.