Nilisema Nimepumzika, Wakaja Kunizika

Nyinyi mnaokuja kulia kwa boma la mtu kabla ya kuuliza kama amekufa, ni nani aliwafundisha hivyo? Mlango ulikuwa hapo. Mngepiga hodi. Ningeitikia, maana nilikuwa macho, tena nilikuwa na njaa.

Mhariri, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni nyanya wa miaka hamsini na nane, mjane, naishi upande wa Mutomo na mke wa mwanangu. Shule niliachia darasa la tatu na kuandika nikamalizia gumbaru, darasa la watu wazima, kwa hivyo mkiona makosa nyamazeni.

Nimezaliwa karibu na mto Athi. Kuogelea nilijua nikivusha ng'ombe wa baba. Baiskeli nilijifunza bwana yangu alipokufa, kwa sababu mitungi ya maji haikujileta yenyewe nyumbani. Basi mwaka huu mwalimu wa michezo wa shule moja hapa karibu, msichana mdogo tu, aliandaa mashindano kwa bwawa: unaogelea, unapanda baiskeli, unamaliza na mbio. Nikaenda na blakimamba yangu, ile baiskeli nzito ya mizigo. Watu walicheka. Naibu wa chifu alicheka kuliko wote, na mimi nilimpita mlimani akisukuma baiskeli yake, nikamwambia pole, bwana mkubwa.

Mashindano mengine ni Desemba, huko Makueni, na mwalimu ameniandikisha. Aliniambia kitu ambacho sijaambiwa tangu nizaliwe: mwili ukishindana, uachwe ukae. Ukifanya siku ngumu, inayofuata iwe nyepesi. Nile ndengu na mayai, nilale mchana, niweke miguu juu ukutani. "Nyanya, nguvu inaingia wakati umelala," alisema. Mimi niliyelima na mtoto mgongoni, leo naambiwa kulala ni kazi. Nikaipenda hiyo kazi.

Sasa, mwanangu wa kwanza, hapa nimwite Kioko, anafanya kazi Mombasa. Alikuwa na wasiwasi juu ya yale mashindano ya bwawani. Mama Mutheu wa kanisani kwetu alikuwa anaenda huko kwa binti yake, nikampa ujumbe wa kumtuliza Kioko: mwambie mama amemaliza mbio, sasa amepumzika.

Mnaona kosa hapo? Mimi silioni. Mama Mutheu hakumpata Kioko kazini, akamwachia askari wa geti maneno hayo hayo. Askari alipomwona Kioko akavua kofia kwanza, ndipo akasema. Kioko akapiga simu kwa duka la sokoni kwetu, na kutoka hapo habari haikuhitaji simu. Ndinda, mke wake, alikuwa amekwenda kwao Ikutha. Na kweli mimi sikuwa nimeonekana nje. Nilikuwa napumzika kama nilivyoagizwa.

Mchana nikasikia nyimbo. Nikafikiri ni mkutano wa injili. Mara mlango ukasukumwa, wakanikuta chali, macho nimefunga, miguu juu ukutani. Mmoja akasema jamani, amekufa vibaya. Nikauliza, "Nani amekufa?" Yule aliyekuwa akiongoza wimbo alirudi nyuma akamkalia kuku wangu aliyekuwa akilalia mayai.

Kioko alifika kesho yake na wajomba zake, na mbao za sanduku juu ya gari. Alinitazama sana. Nilidhani atafurahi.

"Mwaitu," akasema, yaani mama, "nimelia njia yote kama mtoto. Mtu aliyeliliwa akiwa hai hachezi na maji tena. Safari hii sitairudia."

Akafunga baiskeli yangu kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala, akarudi Mombasa na ufunguo.

Tangu hapo niko kifungoni. Ndinda ni msichana mzuri, lakini ameagizwa. Nikikaribia ua tu anatokea, anauliza, mwaitu, unaenda wapi? Wanawake wa kanisa wanaleta uji, wananikalisha kwa kiti, wanasema pumzika mama, pumzika. Kupumzika nilichagua mwenyewe. Sasa ninapumzishwa, na hayo si mambo mamoja. Siku zote zimekuwa nyepesi mpaka miguu imelegea. Nakimbia kuzunguka ghala nikisema nafukuza kuku, na mbuzi wananiangalia kama wamenijua.

Na zile mbao hazikurudishwa. Kioko alisema zikae, zitafaa siku moja. Zimeegemezwa ukutani, pale pale nilipokuwa naweka miguu yangu.

Mtauliza, mzee kama wewe unatafuta nini majini? Nitawaambia. Katikati ya bwawa hakuna anayeniita. Hakuna mama leta, hakuna nyanya shika. Na baiskeli ile tangu niinunue imebeba maji ya watu, mahindi ya watu, wagonjwa wa watu. Siku ya mashindano ilinibeba mimi peke yangu.

Desemba imekaribia, na mwalimu ameuliza kama nitakuja. Nikiukata mnyororo nitamvunja moyo mwanangu, ambaye alilia kweli, niliyaona macho yake. Nikiuacha, nitakaa hapa mpaka zile mbao zipate kazi. Wasomaji, nyinyi mngekuwa ndani ya ua huu, mngeshika njia gani? Semeni chochote, lakini msiniambie nipumzike.

Na wewe Kioko, najua unasoma ukurasa huu saa ya chakula. Jina nimelificha lakini utajijua, kwa sababu ni mama wa nani mwingine ameimbiwa matanga miguu ikiwa ukutani? Leta ufunguo Jumamosi hii. Ulete kwa mkono wako mwenyewe. Usimtume mtu.