Thamani ya Zamani

Riziki alirudi kwao Kindu kwa likizo mwaka 1985, akiwa na tatizo lililomnyima raha. Alikuwa akisomea kompyuta Ubelgiji, na mwalimu wake alimkabidhi mashine yenye prosesa nne zilizotumia kumbukumbu moja. Ili isipoteze muda, kila prosesa ilijiwekea karibu yake nakala ya kile ilichosoma. Moja ikibadili thamani yoyote, iliwatangazia wenzake wafute nakala zao. Hata hivyo, mara nyingine prosesa ya tatu ilijibu kwa thamani ya zamani, na Riziki hakujua sababu.

Nyumbani hakutulia. Alichora kwa mkaa kwenye sakafu ya baraza, akafuta, akachora tena.

"Kula basi, mwanangu," mama yake, Hawa, alimsihi. "Ile mashine iko mbali."

"Njo maana situlii, mama. Iko inadanganya, na mimi siko kule."

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya serikali. Mdogo wake, Waziri, alitoka mapema na jembe kwenda kusafisha soko, kama alivyoagiza Okito, shefu wa mtaa. Adhuhuri jirani alikuja mbio: Waziri na wenzake walikuwa wamefungwa kwa kukosa salongo! Kumbe jana yake jioni kazi ilihamishiwa bandarini. Mpiga mbiu alipita akitangaza, lakini mvua iliponyesha alikwenda zake kabla ya kufika upande wao.

Riziki akaondoka mbio, mama yake nyuma. Walimkuta Okito ameketi, abakosi yake, lile koti la viongozi, imefungwa vifungo hadi shingoni.

"Sitwayeni shefu," Riziki alisema, akimwita raia kama sheria ilivyotaka, "yule muntu uliyemutuma alirudi kukuambia wote wamesikia?"

"Nilimutuma. Inatosha."

"Haitoshi! Vijana wetu walilima soko tangu asubuhi. Walishika neno la zamani, hakuna aliyewaambia lingine. Ungengoja kwanza kila upande ukujibu, kisha..."

Akakatiza maneno, akacheka ghafla. Prosesa yake nayo ilitangaza tu, halafu ikaendelea na kazi bila kungoja majibu. Njia ya ujumbe ikisongamana, ile ya tatu ilikuwa bado haijasikia lolote, nayo ikasoma nakala yake kwa uaminifu wote.

"Kisha nini?" Okito aliuliza.

"Kisha njo uazibu watu."

Okito alimtazama, akasema wanaotoka Ulaya wana maneno mengi. Waziri aliachiliwa magharibi, baada ya kuzibua mitaro ya bandari hadi viganja vikachubuka.

"Mama anasema ulicheka pale kwa shefu," alimwambia dada yake. "Mimi niko ndani, wewe unacheka?"

Riziki alipasha maji, akamwosha mikono, na hata hapo moyo wake ulikuwa ukikimbia kuelekea uwanja wa ndege.

Aliporudi chuoni aliirekebisha mashine: anayebadili thamani angoje kila mwenzake akiri kwamba amefuta. Majibu ya zamani yakakoma. Lakini mashine ikawa nzito kwa kungoja, mwalimu akanung'unika, na Riziki akakesha miaka miwili mingine akitafuta ni kungoja kupi kunakoweza kuachwa bila hatari.

Waziri alipoelezwa, baadaye sana, jinsi siku ile ilivyomsaidia dada yake, hakufurahi.

"Basi wangenifunga wiki nzima, yaya," alimwambia dada yake mkubwa. "Ungemaliza yote."