Waya Uliolia Ndani ya Chupa

Mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, ingawa macho yalishamkatalia saa na alichobaki nacho ni redio ya kuongea na watu wa mbali. Alifundishwa kuitumia na dada yake mkubwa, aliyekuwa akituma simu za maandishi posta: nukta, mstari, nukta. Dada huyo walimzika mwaka uliotangulia. Redio ilikaa chumba cha nyuma. Antena yake, waya mrefu, ilitokea dirishani ikapanda hadi kwenye mlingoti juu ya paa.

Fundi alikuwa na desturi. Akimaliza kuongea, huuchomoa waya redioni na kutumbukiza ncha yake katika chupa tupu ya jamu. Radi haili kioo, alikuwa akisema. Mkewe humjibu kwamba radi haijawahi kuulizwa inakula nini. Na nondo ya shaba ya kuupeleka umeme ardhini ilishafukiwa chini ya dirisha, kibanio chake kikining'inia hapo. Kuubana waya tu ndiko kulikomshinda.

Hakukumshinda. Hakutaka.

Maana siku za upepo mkavu, mbingu nyeupe bila wingu, ncha ile ililia ndani ya chupa. Ta. Ta-ta. Cheche ya buluu, ndogo kama jicho la sisimizi, iliruka kwenye plagi ya ncha hiyo. Fundi alijua ni vumbi linalosugua waya na kuujaza umeme. Angekueleza vizuri kabisa. Lakini kila mpiga alama ana mkono wake, kama mwandiko, na mkono ule aliujua: wa dada yake. Siku aliyojaribu kubana kibanio, mlio ulikufa papo hapo. Alikifungua upesi, kama aliyeziba mdomo wa mtu.

Alasiri moja upepo ulikata ghafla. Mkewe akaja mlangoni na kapu la nguo alizoanua.

"Baba Pacha, mvua hiyo. Bana waya."

"Subiri kidogo."

"Kidogo cha nani? Wingu hilo si saa, uliache mezani mpaka upate nafasi."

"Sikiliza, mama. Leo hasiti. Ana haraka."

Ta-ta-ta-ta. Cheche zilikaribia kuungana kuwa uzi, chupa ikitetemeka mezani. Vinyweleo vya mikononi mwa mkewe vilisimama. Hakurudi nyuma. Aliweka kapu chini, akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa chupa.

"Unafanya nini wewe?"

"Namsubiri wifi amalize salamu zake. Pacha wako wameshaolewa. Ukiondoka wewe nibaki na nani? Twende wote."

Fundi alimtazama, akaitazama chupa. Kisha akaikamata plagi kwa koleo la mpini wa mpira, akaipeleka dirishani, akaibana. Cheche ya mwisho ilipasuka kama mjeledi. Kimya.

Hakuwa ameliacha dirisha hatua tatu, radi ikaupiga mlingoti. Chumba kiligeuka cheupe hata kivuli kikakosa pa kukaa. Nje, ardhi kuzunguka nondo ilifuka mvuke. Nyumba ilisimama. Mvua ikamwagika.

"Yalikuwa mavumbi tu, mke wangu," alisema Fundi. "Mavumbi tu."

Mkewe alikuwa anaangalia ukuta. Kidole chake, ambacho maishani hakijajifunza hata nukta moja, kilikuwa kinagonga ukingo wa kiti, upesi upesi, kwa mkono ule ule wa wifi yake.

Fundi alipiga magoti, akaufunika mkono wa mkewe kwa mikono yake miwili, akaushikilia mpaka ukatulia.