Mume wangu aliiambia bodi ya madaktari "niko fiti, afande" na shingo haigeuki: tulivyokata rufaa ya ulemavu

Wakuu, nawasalimu kutoka Tingi, Kilwa. Mlionizidi umri shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Ninayoandika yametokea nyumbani kwangu. Mhusika mwenyewe yuko barazani anakunywa uji. Nimemwomba ruhusa, akanijibu, "Andika, ila usitie chumvi." Kwa hiyo chumvi humu hakuna.

Mume wangu ni askari mstaafu wa jeshi. Nitamwita Baba Zuhura, kwa jina la binti yetu. Akiwa bado kazini alianguka kutoka juu ya lori wakati wanashusha mizigo, akafikia bega na shingo. Akatibiwa, akavaa ile kola ngumu ya shingoni, akarudi kazini. Tukaona yamekwisha.

Hayakwisha.

Alipostaafu tukarudi huku kwenye mikorosho yetu, na shingo ikaanza visa. Ukimwita kwa nyuma hawezi kugeuza kichwa, anazunguka mwili mzima. Mkono wa kushoto unakufa ganzi mpaka kikombe kinamponyoka. Msimu ukifika hawezi kuinama, na korosho, wakuu, haiokotwi ukiwa umesimama.

Vipimo vilionyesha pingili za shingo zimesagika na zinabana mishipa ya fahamu. Uti wa mgongo nao kwa juu hauko sawa.

Tukaomba mafao ya ulemavu uliotokana na kazi. Akaitwa mbele ya bodi ya madaktari, Dar. Alikwenda peke yake. Majibu yakarudi kwamba ulemavu wake ni mdogo mno, hastahili.

Nikamuuliza, "Baba Zuhura, hao madaktari walikuuliza nini?"

"Waliniuliza naendeleaje."

"Ukasemaje?"

"Nikasema niko fiti, afande."

Jamani! Nilikosa pa kushika.

Kumbe bwana mkubwa alipiga pasi shati, akang'arisha viatu, akaingia na kusimama mguu sawa, kifua mbele, saluti juu. Daktari aliyeongoza bodi alikuwa na cheo, na askari mbele ya mwenye cheo haumwi. Wake wa wanajeshi humu mtanielewa. Hawa watu wamefundishwa tangu depo, kwenye mafunzo ya kuruta, kwamba kulalamika ni uzembe, na somo hilo halistaafu.

Hapo changanya na ustaarabu wetu wa huku pwani. Mtu ukimuuliza habari, hata kama amelala kitandani hajiwezi, atakuambia nzuri, alhamdulillahi, halafu ndiyo akueleze anavyoumwa. Baba Zuhura aliishia kwenye nzuri.

Tukakata rufaa. Safari hii nikamwambia naenda naye.

"Mke haendi kwenye bodi," akasema.

Nikamwambia mimi Mmatumbi wa Kipatimu, nimekua nikipanda vilima vile na mzigo wa kuni kichwani, bodi hainitishi. Akacheka. Akicheka ujue amekubali.

Kwenye basi nilikuwa namtazama tu. Kila tuta anaishika siti ya mbele kwa mkono mmoja, anafumba macho. Nikimuuliza, anasema barabara siku hizi nzuri. Roho iliniuma sana, maana niliona kwamba hata mimi ananifanyia gwaride.

Siku ya bodi akapiga pasi tena. Nilimsihi aseme ukweli wake, akaitikia "sawa, sawa" kama mtoto anayetumwa dukani.

Waliniruhusu kuingia kama msindikizaji wa mgonjwa. Aliyeongoza safari hii alikuwa mama mmoja, daktari, naye ana cheo, mpole wa sauti.

"Mzee wangu, unaendeleaje?"

Akasimama! Kwenye kiti alikuwa ameshakaa, akasimama. "Salama, afande!"

Wakuu, nilitamani kumfinya.

"Unaweza kuinama?"

"Kiasi, afande."

"Maumivu?"

"Ya kawaida tu, afande."

Daktari anaandika. Nikaona rufaa inazama hivi hivi na mimi nimekaa na mkoba mapajani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Lakini mtu niliyeishi naye miaka yote hii namjua. Kuhusu mwili wake atakudanganya mchana kweupe. Kuhusu ibada hawezi, hata umpe nini.

Nikanyoosha mkono. "Samahani, afande. Naomba umuulize anaswali vipi."

Yule mama akanitazama, kisha akamgeukia. "Mzee, unaswali vipi?"

Baba Zuhura akanikata jicho. Mpaka leo silisahau jicho lile. Halafu akakaa, taratibu, ameshika kiti.

"Naswali kwenye kiti," akasema. "Nina muda mrefu sijasujudu. Nikishusha kichwa mkono unakufa, macho yanaingia giza. Msikitini nimeacha kwenda. Naona haya watu kunitafutia kiti."

La kiti nililijua. La msikiti sikulijua, wallahi. Mimi aliniambia anapenda utulivu wa nyumbani.

Nililia pale pale, sikujali cheo cha mtu.

Daktari akaweka kalamu chini, akazunguka meza, akamshika shingo mwenyewe na kuipima polepole. Akamuuliza anavaaje shati, anaogaje, analalaje. Akajibu yote. Ile "afande" ikapotea mdomoni, akawa anaongea kama mtu anayeumwa.

Majibu yalipokuja, rufaa ilikubaliwa. Kiwango cha ulemavu kimepandishwa na amepangiwa daktari bingwa wa mifupa na mishipa ya fahamu. Hajapona, nisiwadanganye. Korosho tunaokotewa na watu.

Ila kuna jambo moja limenishinda kulinyamazia. Asubuhi ya kwanza tuliporudi Tingi, nilikuwa natoka kwenda kuwasha moto, akaniita. "Mama Zuhura, njoo uniinue."

Ndipo nikajua. Miaka yote alikuwa anasubiri nitoke chumbani kwanza, ndipo ahangaike kuinuka peke yake nisimwone. Nilimshika mgongoni, nikamwinua.

Somo langu ni dogo. Mstaafu ukiitwa bodi, pale si gwaride. Sema usichokiweza, anzia kwenye kuvaa shati. Na usiende peke yako, nenda na mtu anayekuona ukiamka.

Wenye waume, baba au wajomba wa namna hii, mliwafanyaje mpaka wakasema? Na waliopita kwenye rufaa kama hii, karibuni mtie neno, kuna wengi wanasoma kimya kimya na shingo zao zinawauma.

Baba Zuhura amemaliza uji, ananiita nikamwinue.