Mapovu Ndani ya Damu

Gaudiosa alizaliwa Tingi, karibu na Ziwa Nyasa, mtoto wa wakulima wa mahindi. Alisomea udaktari wa mifugo Morogoro, na kazi yake ya kwanza ikampeleka pwani ya bahari, mbali na ziwa alilolizoea. Huko ndiko hasira yake ilikoanzia.

Katika mwaka wake wa tatu kazini, pomboo tisa walikutwa asubuhi wamekwama mchangani, baada ya meli moja ya utafiti kushinda siku nne ikipiga mingurumo chini ya maji. Wawili walikuwa bado wanapumua. Mmoja alikata roho mbele yake, na Gaudiosa akampasua palepale, mwili ungali na joto. Ndani ya mishipa ya ubongo na ya ini aliona mapovu ya hewa yamejipanga kama shanga.

Alijua maana yake. Mnyama azamaye sana, hewa hubanwa ikaingia ndani ya damu yake. Akipanda kwa mwendo aliouzoea, hewa hiyo hutoka taratibu mapafuni. Akitishwa hata akavuruga mwendo wake, hufumka mwilini kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla.

Mkuu wake wa kazi aliisoma ripoti, akacheka.

"Mama, pomboo apate ugonjwa wa wazamiaji? Si kaumbwa kuzama huyo! Hayo ni mapovu ya kuoza."

"Mzee, nilimpasua kabla hajapoa."

"Andika kwamba sababu haikujulikana."

Walibishana wiki nzima. Mwishowe aliandika hivyo, akatia saini. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Alipohamishiwa Mbinga, milimani juu ya ziwa lao, ndugu walimpongeza kwa kurudi nyumbani. Yeye, kila alipoikumbuka saini ile, alijisikia kama mtu aliyemeza kitu kichafu.

Huku kazi ikawa nguruwe wa kijiji cha Kitura, mbuzi wenye minyoo na chanjo za kuku. Mwezi wa tisa mwaka jana homa ya nguruwe iliingia kijiji kimoja kando ya Ziwa Nyasa, naye akashuka kukagua. Alikuwa bandani, mabuti yamejaa mavi, aliposikia kelele ufukweni.

Watu walikuwa wamemzunguka mzamiaji aitwaye Sixtus, mwenyeji wa Mbinga, aliyeajiriwa na kampuni ya kukamata samaki wa mapambo na kuwauza nje wakiwa hai. Wazamiaji walipumua kwa mpira uliotoka kwenye kompresa ndani ya boti. Asubuhi hiyo Sixtus alikuwa kilindini kwa mara ya nne kompresa ilipozima. Alipanda mbio, pumzi imemwishia. Sasa alikuwa akilia kwa maumivu ya magoti, na kifua kimetoka mabaka ya zambarau.

"Tumrudishe majini kidogo, maumivu yatakata," mwenzake mmoja alisema.

"Kalewa huyu," alisema Placidi, msimamizi wa kampuni. "Mpakieni garini apelekwe kwao mlimani."

Gaudiosa alipiga magoti, akaubana mguu wa Sixtus. "Unasikia?"

"Sisikii, dada."

"Umekojoa tangu utoke majini?"

"Nimejaribu. Hautoki."

Gaudiosa akasimama. "Asirudishwe majini! Na asipandishwe mlimani! Ana mapovu kwenye damu. Huko juu hewa ni nyepesi, yatazidi kutanuka, na mtamfikisha maiti."

"Wewe si daktari wa nguruwe?" Placidi aliuliza.

"Ndiyo. Na nimempasua pomboo aliyekufa kwa haya haya. Pomboo, kaka! Kiumbe anayezaliwa majini, anayezeekea majini! Kama damu yake yeye ilijaa mapovu, huyu mliyempa hewa ya kujazia matairi angenusurikaje?"

Placidi aliingia kwenye gari, akaliwasha. Gaudiosa akaenda kusimama mbele ya taa zake.

"Mama, toka."

"Nikanyage kwanza."

Injini ilinguruma kitambo. Wazamiaji wakatazamana, kisha wakang'oa mlango wa kibanda, wakamlaza Sixtus juu yake na kumbeba hadi kituo cha afya. Tabibu wa zamu, Henry, alikuwa mgeni kutoka mkoa mwingine.

"Dokta, ugonjwa huu sijawahi kuuona," alimwambia Gaudiosa. "Una uhakika?"

"Naujua kwa pomboo, sitakudanganya. Mpigie bingwa yeyote umuulize."

Henry akapiga simu. Bingwa naye akasema ni mapovu: alazwe chali, apewe oksijeni na dripu, kisha apelekwe kwenye chumba cha mgandamizo, ambamo hewa hubanwa hadi mapovu yanywee. Mitungi ya oksijeni ilikuwa miwili, mmoja mtupu. Baada ya saa tano vidole vya mguu wa kulia vilianza kucheza. Vya kushoto vilibaki kimya.

Gaudiosa alikaa kando ya kitanda. "Hakuna aliyewaambia mpande polepole?"

"Tunaopandisha polepole ni samaki," Sixtus alisema. "Tunawatia kwenye ndoo zenye matundu, tunawasimamisha hapa, tunawasimamisha pale, siku mbili hata tatu, wasije wakapasuka."

"Samaki siku tatu?"

"Siku tatu, dada."

Ilibidi atoke nje. Walijua! Hawa watu walijua vizuri kabisa kinachompata kiumbe anayepandishwa ghafla, wakamhurumia samaki wa mapambo peke yake.

Chumba cha mgandamizo kilikuwa pwani, mwendo wa ndege, tena ya kuruka chini chini. Kampuni ilisema ndege haiwezekani. Wiki ileile samaki wake walisafiri kwa ndege.

Sixtus alitolewa mpira wa mkojo baada ya miezi miwili. Leo anatembea kwa fimbo, akiuburuta mguu wa kushoto, na shambani kwao huchambua kahawa akiwa amekaa. Gaudiosa ameandika barua nne serikalini, akitaja kompresa, kina na jina la msimamizi. Amejibiwa moja tu, kwamba barua yake imepokelewa.

Kampuni ilihamia ufukwe mwingine. Alipopata habari, alipanda bodaboda akaenda. Placidi alimwona, akageuza uso. Gaudiosa aliwakuta wazamiaji wanne wakivaa miwani, akawaeleza yote, kuanzia pomboo hadi mguu wa Sixtus. Wawili walivua miwani, wakaketi mchangani. Wawili walisema wana watoto, wakapanda boti.

Gaudiosa alibaki amesimama, mikono kiunoni, akiukodolea macho mpira wa njano wa hewa uliozama nao, hadi wale wawili walipoibuka.