Kompyuta Yangu Ilibadilishwa Nikiwa Msibani

Nilikuwa Newala kumzika shangazi yangu wakati shemeji, mdogo wake mume wangu, alipoingia dukani kwangu Masasi na kuibadilisha kompyuta yangu. Ufunguo alipewa na kaka yake. Mimi sikuulizwa.

Duka langu ni la stationery: nachapa barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Kwa miaka mingi nilitumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, niliojifunza mwenyewe kwa kukosea na kurudia. Nilijua kila kitu kilipo, kama ninavyojua chumvi ilipo jikoni kwangu.

Ijumaa asubuhi nilirudi, kanga ya msiba bado kiunoni, nikawasha mashine. Ukatokea ukurasa nisioujua. Shemeji, anayefundisha kompyuta chuoni, alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akitabasamu.

"Pole na msiba, shemeji. Nimekuwekea mfumo mwingine, FreeBSD. Ni ya ukoo wa Unix, mfumo wa zamani, kama ile Linux yako, ila hii imetulia. Umeme ukikatika haitakusumbua."

"Nani alikuomba?"

"Mafaili yako yote yapo."

Yalikuwapo, kweli. Lakini printa haikutoa hata karatasi moja. Na hapo hapo bodaboda ikasimama mlangoni: mwalimu mkuu wa shule ya Lisekese, amefuata mitihani ya darasa la saba. Nilikuwa nimemwahidi kuwa itakuwa tayari Ijumaa hiyo, na watoto walikuwa wanaanza Jumatatu.

"Printa yenyewe ya kizamani," shemeji akaninong'oneza.

Damu ikanichemka. Printa hiyo hiyo ilikuwa imechapa kadi za watu siku niliyoondoka! Nikamwambia kwa sauti, mwalimu akisikia, "Mweleze wewe. Si umeifanya kazi yangu kuwa yako?"

Akaanza habari za draiva, programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na printa. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Mama, nakuja kwako kwa sababu hujawahi kuniangusha."

Afadhali angenitukana.

Nikaiweka mitihani kwenye flashi, nikavuka barabara kwenda kwa mshindani wangu, ambaye tangu afungue duka lake sikuwahi kukanyaga kizingiti chake. Akaniuliza kama kompyuta yangu imekufa.

"Haijafa," nikamjibu. "Imeozeshwa bila mwenyewe kuulizwa."

Alicheka. Mimi sikucheka. Aliichapa mitihani, na mwalimu akaondoka nayo.

Shemeji nilimkalisha dukani siku mbili, mpaka printa ikachapa. Nilimwamuru aniandikie kila hatua kwenye daftari, kwa Kiswahili, na kila alipotaka kunishikia kipanya nilimwondoa mkono. Nilijifunza upya kazi niliyokuwa naijua.

Masika yalipofika umeme ulikatika mara tatu kwa siku moja. Mashine iliwaka tena kila mara, na faili halikupotea hata moja. Mume wangu akamsimulia mdogo wake, naye akaja mbio.

"Umeona, shemeji?"

"Kompyuta nimeiona," nikasema. "Ila samahani yako sijaisikia."

Akaangalia chini, akasema alidhani nitafurahi. Hiyo si samahani. Mfumo wake naendelea kuutumia, maana ni mzuri, na kukiri hivyo kunanikera. Ufunguo wa duka siku hizi nalala nao chini ya mto, na mume wangu ameacha kuniuliza kwa nini.